Magunia Yasiteleze

Wewe uliyefungua daftari hili, nakuomba, lifunge. Kama huwezi kulifunga, basi soma kimyakimya, hata midomo isicheze, na usimwambie mtu. Usimwambie meneja. Usimwambie stesheni masta. Zaidi ya wote, usimwambie Nicholas. Sijaiba. Sijampiga mtu. Lakini mimi ni mwoga, na mwoga akishajulikana anachofikiria, amekwisha.

Jumatatu, 10 Juni 1996

Siku mbaya. Meneja alishuka mwenyewe kutoka kiwandani, kule baridi ya Mogogosiek, hadi huku joto la Soin, kwenye stoo yetu ya chai kando ya reli, ambako mimi ni karani. Meneja hashuki bure. Nilipoiona pikapu yake nikaficha kikombe cha chai chini ya meza. Halafu nikakumbuka kwamba sisi ni watu wa chai, kunywa chai si kosa. Nikakitoa. Nikajimwagia.

Habari yenyewe: behewa letu la mwezi uliopita limefika Mombasa likiwa aibu. Magunia yamelaliana mlangoni kama walevi. Mengine yamepasuka. Chai imefagiliwa sakafuni. Si mara ya kwanza. Meneja akasema, kwa ile sauti ya chini inayonitisha kuliko kelele, kwamba amechoka. Atatoa nafasi ya behewa moja tu. Likifika na gunia hata moja limepasuka, chai yote itapanda malori na stoo hii itafungwa. Mimi nje. Wapakiaji nje. Mzee Makori nje.

Nicholas alisimama nyuma yake, na tai. Nicholas ni karani wa malori kiwandani. Tulisoma darasa moja. Yeye namba moja, mimi namba mbili, kuanzia Fomu Wani hadi mtihani wa mwisho. Akasema reli ni usafiri wa babu zetu. Akaniuliza kama nimeanza kukunja godoro. Akanipa peremende. Niliila! Sijui kwa nini niliila.

Na kosa si la mtu. Zamani chai ilisafiri katika masanduku ya mbao, na sakafu ya behewa ilikuwa mbao. Mzee Makori ndiye fundi wetu wa kukaza mizigo. Alikuwa akipigilia mapau kutoka ukuta hadi ukuta, anaingiza kabari kwa nyundo, na sanduku halisogei mpaka baharini. Siku hizi ni magunia ya karatasi, laini, yanateleza kama sabuni. Mabehewa nayo ni chuma tupu, juu, chini, pembeni. Msumari hauingii chuma. Treni ikishika breki, magunia yote yanakimbilia mlango.

Makori alingoja meneja aondoke. Baadaye akanieleza kuhusu Velma. Velma ni binti yake wa mwisho. Tangu ile miaka ya fujo, nyumba za watu wa Kisii zilipochomwa huku, mtoto anakaa kwa nyanya yake Kisii. Mkewe, Mama Velma, aliapa kwamba mtoto harudi huku mpaka kuwe na kazi ya kuaminika. Mwaka huu ndipo amekubali. Velma aje likizo ya Agosti, na akija asirudi tena, aingie shule ya hapa. Makori amengoja jambo hilo kwa muda mrefu. Sasa meneja huyu na behewa lake.

Akaniambia, karani, wewe umesoma, tafuta njia.

Nikasema nitatafuta. 

Jumatano, 12 Juni

Njia imepatikana! Wavu.

Tumesuka wavu wa katani, mimi na Makori, tumejifungia stooni. Yeye anafunga fundo la kwao, lile la kufungia ghala la wimbi, ambalo anasema hata ng'ombe dume hawezi kulifungua. Nilimwambia ng'ombe dume hana haja ya kufungua fundo. Akasema ndiyo sababu hawezi.

Sikumwomba meneja ruhusa. Nikimwomba, atamuuliza Nicholas. Nicholas atasema ni wazo zuri, halafu litakuwa wazo lake.

Tulijaza magunia mabovu maranda ya mbao, tukayapanga ndani ya behewa tupu, tukayafunika wavu, tukaukaza. Nikamwendea Ojwang, mtu wa kuunganisha mabehewa, nikamwomba atugonge kidogo kwa behewa jingine, kwa siri, tuone kama mzigo utasimama. Ojwang akaniuliza, omera, ndugu yangu, nigonge kama mtu anayesindikiza bibi harusi, au kama ninavyogonga siku zote? Nikasema kama siku zote. Nilikosa kuuliza siku zote ni vipi.

Wavu haukukatika. Fundo la Makori halikufunguka. Kamba zilipita katikati ya magunia kama uzi unavyokata ugali. Nilikuwa nimesimama ndani ili nione vizuri. Niliona vizuri. Maranda masikioni, puani, ndani ya shati. Stesheni masta akaja mbio kuuliza kishindo ni cha nini. Nikasema Ojwang anafanya mazoezi. Ojwang amekuwa kazini tangu nikiwa sijazaliwa. Sasa Ojwang hanisalimu.

Alhamisi, 13 Juni

Sina njia. Makori amekaa juu ya reli kuukuu anatazama upande wa Kisii. Sikumkaribia. Sijui mtu anamwambia nini mzee aliyekaa hivyo.

Mchana nilienda kibandani kwa Mama Velma kununua mandazi. Mama Velma hufungia mandazi kwa kurasa za majarida ya zamani ambayo stesheni masta hutupa. Yangu yalifungwa kwa picha ya behewa! La Ulaya, mlango wazi, masanduku yamepangwa pande mbili, na katikati, kwenye nafasi iliyobaki, mfuko mkubwa uliojaa hewa. Mfuko umevimba unasukuma huku na huku, na masanduku yamebanwa kabisa! Hakuna msumari. Hakuna kamba.

Nilikula mandazi nikisoma mafuta. Mama Velma akaniuliza nina nini. Nikasema hewa. Akasema pole, kunywa maji ya moto.

Mfuko wa aina hiyo hatuna. Lakini tyubu ya gurudumu la trekta je? Si mpira? Haijai hewa? Haivimbi?

Jumamosi, 15 Juni

Sotik. Niliomba ruhusa, nikasema mama ni mgonjwa. (Mungu nisamehe. Mama ana afya kunishinda.)

Kebaso, fundi wa pancha pale njia ya kwenda Kisii, ana rundo la tyubu za trekta. Akaniuliza trekta liko wapi. Ilikuwa lazima nifiche siri. Nikasema ni za watoto wa shule, wajifunze kuogelea kwenye bwawa. Uso wake ukabadilika. Akasema hawezi kuuza tyubu yenye viraka ikamzamishe mtoto wa mtu. Akaanza kuzijaribu moja moja ndani ya karai la maji, kwa upole, kama anaogesha watoto wenyewe. Ilichukua mchana mzima. Mwishoni akanipunguzia bei kwa ajili ya watoto, akauliza shule gani, angependa kupita siku moja kuwaona. Nikataja shule ya kwanza iliyonijia. Nimemdanganya mtu mwema. Nilipandisha mzigo kichwani nikaondoka bila kuaga vizuri.

Njiani nikagundua jambo ambalo Nicholas asingeligundua hata kwa mwaka. Harufu! Tyubu zinanuka mpira. Na chai hunywa harufu. Kiwandani akina mama wa kupakia hawaruhusiwi kupaka mafuta ya manukato, wala kuingia na kitunguu mfukoni. Chai ikikaa karibu na sabuni, inakuwa sabuni. Ningepeleka tyubu hizi hivihivi tungeharibu shehena yote. Nilisimama barabarani nikajipongeza. Huu ndio uangalifu. Hii ndiyo elimu.

Dawa ninayo pia. Nimezaliwa nayo. Kibuyu kipya cha maziwa kinanuka vibaya. Mama hufanya nini? Huchoma kijiti cha mti wa senetwet, anakisugua ndani ya kibuyu kikiwa bado kinafuka, harufu mbaya inakwisha, na mursik, maziwa yetu ya mgando, inakuwa tamu. Nilipita nyumbani nikamwomba mama vijiti. Vingi.

Mama akaacha kukama. Akaniuliza vya nini. Nikasema vya kusafishia. Akauliza nani anasafisha. Nikamshika ndama. Akatabasamu, akasema kijana anayesafishiwa kibuyu na mwanamke mwingine ni kijana aliyepona. Akaniuliza huyo msichana ni wa ukoo gani. Nilitaka kusema hapana. Lakini alikuwa na furaha kiasi hicho! Nikasema nitamwambia. Akanifungia vijiti kwa leso yake ya kanisani.

Jumapili, 16 Juni

Tumefukiza tyubu jikoni kwa Mama Velma baada ya kanisa. Tulizitundika juu ya moshi wa senetwet, tukazisugua kwa makaa yake mpaka zikang'aa. Makori aliniuliza kama nina uhakika. Kwao Kisii hawafanyi hivyo. Nikamwambia mzee, hili niachie mimi. Akasema sawa, wewe ni mtu wa hapa.

Tulinusa. Mpira umekwisha kabisa! Mimi sikusikia harufu yoyote. Makori akasema labda anasikia kitu kidogo. Mama Velma, ambaye hakuombwa kunusa, akasema yeye hasikii kidogo. Nyumba yake yote sasa inanuka kama boma la Wakipsigis, hana ubaya nao, lakini kesho ana mandazi ya kuuza na hao wateja watadhani amehama.

Nikamweleza kwa heshima. Hiyo si harufu, Mama Velma. Huo ni usafi.

Jumatano, 19 Juni

Tumepakia. Magunia halisi safari hii, chai halisi. Pande mbili za behewa, na katikati tyubu zimesimama, tumezijaza kwa pampu ya mguu. Makori alipiga pampu, mimi nikahesabu pumzi zake maana nilidhani anakufa. Kila tyubu iliposhiba, magunia yalilia kidogo, yakakazana, yakanyamaza.

Nikampelekea Ojwang sigara za msamaha. Akatugonga. Alitugonga kwa hasira yake yote ya wiki nzima. Ndege waliruka kutoka kwenye paa la stoo.

Tukafungua mlango.

Hakuna. Hakuna! Hata gunia moja halikusogea. Makori akajaribu kuingiza mkono katikati ya magunia, hakupata pa kupitisha kidole. Akavua kofia. Akasema tangu walete mabehewa ya chuma alijiona kama mtu aliyekatwa mikono na bado anakuja kazini. Halafu akaona haya, akavaa kofia, akanituma nitafute kufuli.

Nimewahi kufaulu mitihani. Sijawahi kujisikia hivi.

Alhamisi, 20 Juni

Behewa limeondoka. Limefungwa, limetiwa lakiri. Nilisimama mpaka moshi wa injini ukapotea kwenye miwa. Nina wasiwasi na breki, kona, joto, wezi, mvua, panya. Harufu tu ndiyo sina wasiwasi nayo.

Jumamosi, 29 Juni

SIMU! Stesheni masta ameniita ofisini kwake. Behewa lilicheleweshwa njiani, likakaa juani siku kadhaa, lakini limefika. Watu wa Mombasa walifungua mlango, wakasimama wakitazama. Gunia halikupasuka hata moja. Wameuliza ni fundi gani aliyepanga.

Meneja ametuma salamu. Nicholas hajatuma kitu. Kimya chake nimekifurahia kuliko salamu.

Makori amepeleka ujumbe Kisii kwa dereva wa lori la ndizi: Velma afungashe. Mama Velma amenunua kitambaa cha kijani cha yunifomu ya shule ya hapa. Alinipimia mandazi akaongeza jingine juu. Mama Velma haongezi mandazi.

Nilimwambia Makori tusiseme bado kwa meneja jinsi tulivyofanya. Akauliza kwa nini, mbona ni jambo jema. Nikasema ni siri ya kazi. Ukweli ni kwamba nangoja siku ambayo Nicholas atakuwepo asikie.

Jumatatu, 8 Julai

Nicholas alikuwepo.

Wamekuja wote, meneja, Nicholas, dereva wao. Nicholas ameshika kopo dogo. Hakucheka. Hakunipa peremende. Hapo ndipo nilipoogopa.

Meneja akaenda moja kwa moja kibandani, akamwomba Mama Velma achemshe maji, atie majani ya ndani ya kopo, maziwa asitie. Mama Velma akafungua kopo. Akanitazama. Akatia.

Tukapewa vikombe. Nikanywa. Nikafumba macho kwa kuwa nilirudi nyumbani. Nilikuwa mdogo, mama anatikisa kibuyu, ng'ombe wanaingia, mvua juu ya bati. Ilikuwa tamu! Nilitaka kusema ni tamu. Halafu nikafumbua macho nikaona uso wa meneja.

Hiyo ndiyo chai yetu. Waonjaji wa Mombasa wameionja, wameitema, wameandika moshi. Gunia baada ya gunia. Moshi umepenya karatasi kule juani. Hakuna mnunuzi. Shehena yote imekataliwa, nzima kama ilivyo, haijapasuka mahali.

Dereva, mzee wa Bomet, Mkipsigis mwenzangu, aliomba kikombe cha pili. Akasema kiwanda hiki hakijawahi kutengeneza chai nzuri namna hii. Meneja akamwambia akangoje garini.

Kisha akauliza ni nani.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.  Nilimwona meneja, nilimwona Nicholas, na niliona kila mwalimu aliyewahi kuuliza ni nani. Makori alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Akasema, ni mimi, bwana. Tyubu ni wazo la karani, na wazo lake ni zuri, umeona magunia yalivyosimama. Moshi ni wangu. Niliona majirani wanavyosafisha vibuyu, nikadhani ni dawa.

Meneja akasema, akitikisa kichwa bila hasira, kwamba ndivyo ilivyo mtu akichukua desturi asiyoijua.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale, mtu wa hapa.

Jumatano, 10 Julai

Stoo inafungwa. Chai imehamia malori. Makori na wapakiaji waende nyumbani mwisho wa wiki. Mimi nimeambiwa ningoje.

Nilimfuata Makori nyuma ya stoo nikamuuliza kwa nini alisema vile. Alikuwa akiondoa kutu kwenye msumeno. Akasema, kijana, wangetufukuza wote, sasa wamefukuza mmoja kwa kosa na wengine kwa bahati mbaya. Mimi nina kipande cha shamba, wewe una nini, karatasi za shule? Kaa kazini. Ukishakua, utafute mwingine umsaidie.

Nikamuuliza kuhusu Velma. Akasema Velma ataendelea kukaa alipo, ila sasa naye baba atakuwepo. Alisema hivyo kama jambo zuri. Lakini kile kipande cha shamba nakijua, alinionyesha picha yake. Ni migomba na kaburi la baba yake, hakilishi mtu.

Nimeamua. Ijumaa napanda kiwandani kumweleza meneja ukweli wote. Nimeandika maneno yenyewe kwenye kiganja nisije nikayasahau.

Ijumaa, 12 Julai

Nilipanda. Jasho lilifuta kiganja kabla sijafika kwenye meza ya sekretari wake.

Meneja aliniambia niketi. Nikaketi. Akaagiza chai. (Chai!) Akasema amefikiria sana. Moshi ulikuwa ujinga wa mzee mmoja, hawezi kuulaumu zaidi, lakini zile tyubu ni akili. Mombasa bado wanazizungumzia. Akauliza kama kweli ni wazo langu. Nikasema ndiyo. Akasema nihamie kiwandani, ofisi ya malori, nimsaidie Nicholas, kuna chumba. Akanyoosha mkono.

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Nilipajua. Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi.

Nikasema asante sana, bwana.

Nje, Nicholas alikuwa ananingoja. Akanipongeza, na nadhani alimaanisha. Akasema amempangia Makori lori la kiwanda limpeleke Kisii na vyombo vyake bure, asidhani tumemtupa. Sikupenda Nicholas awe mtu mzuri. Leo hasa.

Jumapili, 14 Julai

Makori ameondoka.

Lori lilikuja baada ya kanisa. Kabati, sufuria, kuku kwenye kikapu, mabati aliyoyang'oa juu ya kibanda. Na kitanda kidogo kipya, cha mvinje, alichokuwa amekitengeneza kwa siri na kukificha stooni nyuma ya milango mibovu. Hakuna aliyewahi kukilalia. Mama Velma alikuwa hakijui. Alikitazama, akaenda kusimama upande mwingine wa lori.

Kabati lilikuwa linacheza. Dereva akasema ataendesha polepole. Makori akapanda nyuma, akakanyaga sakafu ya lori kwa kisigino, mara moja, tena. Ni mbao.  Akaomba msumeno.

Alikikata kile kitanda. Miguu ikawa kabari. Mbao za pembeni zikawa mapau. Alipigilia misumari kama nilivyosikia wakimsimulia, pigo moja la kuweka, moja la kuzamisha. Wapakiaji walikuja kutazama. Ojwang alikuja.  Alipomaliza alilisukuma kabati kwa bega, nalo likawa kama limeota pale.

Nilitaka kumwambia hapo, mbele ya wote, kwamba nitakwenda kwa meneja tena. Nilimsogelea. Yeye akanitangulia, akasema karani, kula vizuri, umekonda. Mama Velma alinipa mkono kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mgeni.

Lori lilipopanda mlima nilisikiliza kama kuna kitu kitagongana huko nyuma. Hakikugongana kitu.

Jumanne, 23 Julai

Mogogosiek. Ukungu mpaka saa nne. Ofisi ya malori. Meza yangu inaangalia mgongo wa Nicholas.

Nimelia, lakini leo sitaki kuandika juu ya hayo. Nina habari. Jana lori limerudi na malalamiko: mteremkoni magunia yameteleza, mawili yamepasuka. Kumbe hata malori! Nicholas amekaa ameshika kichwa. Nimemwonea huruma. Huruma kidogo.

Nimefikiria usiku na mchana, na nimeliona kosa letu lilipokuwa. Lilikuwa kwenye mti! Senetwet ni kali mno, ni ya maziwa. Kuna mti mwingine, emdit, ambao shangazi zangu hufukizia vibuyu vya wageni. Moshi wake ni mwororo, hausikiki kabisa. Nimeunusa mwenyewe, sikusikia kitu. Tyubu kwa emdit, na hakuna mwonjaji duniani atakayejua. Simwambii meneja mpaka lori la kwanza lifike salama. Likifika, nitamweleza yote kwa pamoja: tyubu, moshi, Makori hana kosa, Makori arudishwe, na mtoto aje. Yote siku moja. Itakuwa rahisi zaidi wakati huo, maana atakuwa amefurahi.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, umeshakuwa mtu wangu, sina la kufanya. Kama una tyubu za trekta, njoo. Shuka pale sokoni, usiulize njia kiwandani. Pita nyuma ya kanisa, ufuate ukingo wa majani chai mpaka nyumba za wafanyakazi, mlango wa mwisho, wenye ndoo ya bluu. Sema umeleta maziwa. Nikijibu kwamba maziwa tunayo, kuna mtu ndani, pita kama mtu aliyepotea njia. Ukitokea upande wa Kisii, ukakutana na mzee anaitwa Makori, mwambie aje naye. La, usimwambie. Nitamwita mwenyewe mambo yakitulia.

Na hodi usiipige kwa nguvu. Nicholas anakaa chumba cha pili, na kuta ni nyembamba.